Lori linamfukuza, dereva haonekani: je, sababu yake tuitaje?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Naandika skripti ya filamu fupi ya dakika 20. Kijana anatoka Morogoro na gari dogo, anapeleka mahari ya kaka yake Iringa. Kuanzia Mikumi lori moja linaanza kumsumbua, na hali inazidi kuwa mbaya mpaka mlima Kitonga. Rafiki yangu aliyesoma rasimu anasema lazima dereva wa lori aonekane na sababu ya chuki yake ijulikane, la sivyo watazamaji watasema mwandishi kaishiwa. Mimi nimeitazama Duel ya Spielberg. Mle dereva haonekani uso wala hatuambiwi anataka nini, na bado niliogopa mwanzo mwisho. Nani yuko sahihi? Na kama nitamficha, nimfiche vipi bila stori kupwaya?"

Marahaba, mwanangu.

Mfiche dereva, na sababu yake usiitaje popote. Ila rafiki yako usimpuuze. Amesoma rasimu, akahisi pana pengo, akapendekeza lizibwe kwa maelezo. Pengo analolisema lipo, nami nimeliona kwenye mhtasari ulioniambatanishia. Dawa yake ndiyo siikubali.

Wengi wanaoitazama Duel wanaondoka na somo moja: kuficha kunatisha. Wakikaa kuandika wanaficha kila kitu. Hatujui lori liko umbali gani, hatujui gari dogo lina hali gani, barabara haina kilomita wala kona, usiku unaingia ghafla na ukungu juu yake. Mtazamaji akikosa vyote hivyo haogopi. Anachoka, kisha anachukua simu yake. Duel imeficha kitu kimoja tu, yaani kwa nini. Vingine vyote unavijua, na mara nyingi unavijua kabla ya mhusika mwenyewe.

Kwa ambao hawajaiona: filamu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni na ikarushwa na ABC ya Marekani tarehe 13 Novemba 1971. Steven Spielberg alikuwa na miaka 24. Mwandishi ni Richard Matheson, aliyeitoa kwenye hadithi yake fupi iliyochapishwa mwaka huohuo katika jarida la Playboy. Chanzo cha hadithi ni mkasa wake mwenyewe: tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais Kennedy, alikuwa anarudi nyumbani kutoka kucheza gofu na mwandishi mwenzake, lori likawaganda nyuma kwa kasi. Ndani ya filamu kuna David Mann, mfanyabiashara wa kawaida anayechezwa na Dennis Weaver, akiwa kwenye Plymouth Valiant nyekundu, anakwenda kuonana na mteja. Anaovateki lori chakavu la mafuta. Lori nalo linamwovateki, kisha linapunguza mwendo mbele yake. Kuanzia hapo ni yeye na hilo lori, kwenye barabara za milima na nchi kavu kaskazini mwa Los Angeles, mpaka mmoja wao aondoke.

Stori nzima ni hiyo. Toleo la kwanza lilikuwa la dakika 74. Unaona kwamba ukitoa ufundi hapo hakibaki kitu, ndiyo maana inafaa kuichambua kama fundi anavyofungua injini.

Anza na mpira wa rejeta. Mapema kabisa Mann anasimama kituo cha mafuta. Mhudumu anafungua boneti, anamwambia mpira wa rejeta unahitaji kubadilishwa. Mann anaona huyu anatafuta hela tu, anasema atabadilisha siku nyingine. Sini inaisha na unaisahau. Karibu na mwisho, barabara inapanda mlima mrefu. Lori ni zito, gari ni jepesi. Kwenye mpando gari dogo lazima lishinde, na Mann mwenyewe anaanza kushangilia akiona lori linabaki nyuma. Hapo mpira unapasuka, gari linachemsha, moshi unatoka, mwendo unashuka. Kwenye kioo lori linaanza kukua tena.

Angalia kilichofanyika. Hakuna aliyekuja na silaha mpya, wala lori halikupata nguvu za ajabu. Mhusika ameponzwa na neno aliloambiwa mchana kweupe na mtu aliyemtakia mema, na wewe ulikuwepo akiambiwa. Mtazamaji anaogopa kwa sababu hesabu anaijua: mlima umebaki kiasi hiki, mwendo umeshuka kiasi hiki, lori liko pale. Ungemficha mpira wa rejeta mpaka upasuke, ungepata mshtuko wa sekunde mbili. Kwa kuuonyesha mapema, Matheson na Spielberg wamepata dakika kadhaa ambazo huwezi hata kuegemea kiti.

Kwenye mhtasari wako gari linazimika Kitonga "kwa bahati mbaya". Pengo alilolihisi rafiki yako nadhani linaanzia hapo. Bahati mbaya inaruhusiwa kuanzisha stori, kama hii ya kukutana na lori lenyewe. Ikija kuimaliza, mtazamaji anajiona katapeliwa.

Halafu kuna mkono. Lori liko mbele, Mann anataka kupita, barabara ina kona. Mkono wa dereva unatoka dirishani na kumpungia: pita. Mann anashukuru, anatoka upande wa pili, na uso kwa uso anakutana na gari linalokuja. Anaponea chupuchupu. Sini hiyo ni fupi, na kwangu mimi inatisha kuliko zote, kwa kuwa ubaya umevaa nguo ya adabu. Ishara ya kumruhusu mwenzako apite ni katika vitu vichache vinavyowafanya watu wasiojuana waendeshe magari bila kuuana. Dereva yule ameichukua hiyo hiyo akaifanya mtego.

Wewe unayo ishara yako, tena bora kuliko ya Marekani, na kwenye rasimu hukuitumia kabisa: indiketa. Kila aliyewahi kukaa nyuma ya semi kwenye barabara ya Zambia anajua. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kulia wakati hakuna pa kukunjia, anakuambia tulia, kuna gari mbele. Akiwasha ya kushoto, pita. Akikusaidia, unapita na kumpigia honi ya shukrani. Mtazamaji wa hapa anaielewa lugha hiyo bila kufafanuliwa, hata yule asiyejua kuendesha, maana ameiona kutoka kiti cha basi. Basi anza na lori linalomsaidia kijana wako. Mara ya kwanza indiketa ya kushoto, barabara nyeupe kweli, kijana anapita, honi, mkono unapungwa. Tumempenda yule dereva. Mara ya pili iwe kabla ya kona.

Sasa nije kwenye swali lenyewe la sababu, maana hapa ndipo kazi ngumu ilipo na wengi wanateleza. Nafasi ukiiacha wazi haibaki wazi. Mtazamaji ataijaza mwenyewe, na ataijaza kwa kitu rahisi kuliko vyote kilicho karibu naye. Ukitaka ibaki wazi na imwume, ziba kwanza milango ambayo majibu rahisi yatapitia. Duel imeiziba yote bila kelele. Mann hana kitu cha kuibiwa. Gari lake ni la kawaida kabisa. Hajulikani njia ile, hana adui, hana siri. Wizi hapana, kisasi hapana. Na shetani? Hapana vilevile, kwa sababu pale kituo cha mafuta Mann anachungulia na kuona buti za dereva zikizunguka lori. Anaongeza mafuta kama mtu yeyote, anatembea. Baadaye tunaona mkono. Yuko binadamu mle ndani, mwenye miguu na mikono na tangi linaloisha mafuta. Hicho ndicho kinachotisha: ni mtu, na anayafanya haya.

Tazama rasimu yako kwa jicho hilo. Kijana wako ana bahasha ya fedha za mahari kwenye dashibodi, na kamera imeikazia macho mara mbili. Umeshamaliza. Mtazamaji yeyote atasema ni majambazi, wamepewa taarifa na mtu wa Morogoro, na dakika 15 zilizobaki atakuwa anamtafuta mtoa taarifa badala ya kuliangalia lori. Ondoa fedha. Siku hizi mahari yenyewe hutumwa kwa simu, hilo hakuna atakayelishangaa. Mbebeshe blanketi, vitenge na mbuzi kwenye buti la gari kama unataka kumpa kazi. Mbuzi ana sauti, na sauti ndani ya gari utaihitaji; nitarudi huko.

Mlango wa pili kwako ni mpana kuliko ulivyokuwa kwa Spielberg: majini. Watazamaji wetu wamekua na stori za magari ya mauti, za abiria anayeshuka akiwa na kwato, za lori linalopita usiku bila dereva. Ukificha uso na kumfanya kijana akutane na lori giza likiingia, nusu ya ukumbi itasema hilo si lori. Wataogopa, sawa, lakini ni woga mwingine, ule wanaokuja nao kutoka nyumbani, na utakapomaliza bila kwato wataona umewadanganya. Kwa hiyo fanya mchana. Duel yote ni jua kali, mwanga unaoumiza macho, na tunafika jioni mwisho kabisa wa filamu. Mpe dereva wako kitendo cha kibinadamu cha kawaida: anaonekana kiganja tu akipokea mahindi ya kuchoma dirishani, analipa, anarudishiwa chenji. Jini halirudishiwi chenji.

Na utingo? Hili hukulifikiria, na kila atakayetazama kutoka Tunduma mpaka Dar atauliza. Malori mengi ya safari ndefu huku kwetu yana utingo. Ukimwacha bila kutaja, dereva peke yake anaonekana wa ajabu tangu mwanzo. Ukimweka, una watu wawili wanaokubaliana kufanya uovu bila sababu, na hapo swali la kwa nini linakuwa zito zaidi. Ningekuwa mimi ningemweka. Ningemfanya utingo ashuke Ruaha Mbuyuni akiwa na kifurushi chake, aondoke kwa miguu kuelekea kwenye mabanda ya vitunguu bila kuangalia nyuma, na lori liendelee bila yeye. Kijana wako anamwona kupitia kioo. Hazungumzi naye. Tumepata habari kubwa kuhusu aliyebaki ndani bila kumwona uso, na hakuna aliyesema neno.

Nilisema Duel inakuambia vingine vyote. Kimojawapo ni mahali ulipo, na hapa nataka kukaa kidogo, maana skripti za vijana wengi huanguka hapa. Kabla ya kupiga picha, Spielberg alichorewa ramani ndefu ya barabara nzima, akaizungushia kwenye kuta za chumba chake cha moteli, kila tukio likiwa na mahali pake. Muda wenyewe ulikuwa mfupi. Kazi ilichukua kama wiki mbili. Studio ilitaka sini za ndani ya gari zipigwe kwenye banda la studio, mwigizaji akiwa kwenye gari lililosimama na picha ya barabara ikipita nyuma yake, ili kuokoa muda. Alikataa, akaenda barabarani na gari na lori la kweli. Waliweka kamera kadhaa kwenye kipande kimoja cha barabara, magari yakipita mara moja unapata picha za sehemu nyingi. Pia walikuwa na gari maalumu la kamera lililo chini sana karibu na lami, lile lililotumika kwenye filamu ya Bullitt ya 1968. Lensi ikiwa chini namna hiyo, bampa ya lori inakuwa ukuta unaokujia.

Faida yake kwa mtazamaji ni kwamba hapotei. Anajua lori liko nyuma au mbele, karibu au mbali, na kona ijayo inaelekea wapi. Anapojua hivyo ndipo sekunde tano za kimya zinapomtesa: lori lilikuwa pale kwenye kioo, na sasa kioo ni kitupu. Kwenye rasimu yako lori "linatokea ghafla" mara sita. Linatokea wapi? Barabara ni moja, na Kitonga hakuna njia ya kuchepukia. Likitokea mbele yake wakati lilikuwa nyuma, lazima tujue lilipitia wapi.

Barabara yenyewe itakusaidia. Una mizani. Malori yanaingia, gari dogo linapita. Kijana wako anaona lori likikunja kuingia mizani, foleni ndefu, anapumua kwa mara ya kwanza tangu Mikumi, anafungua dirisha, anasimama kununua maji. Sisi tunajua foleni ya mizani inachukua muda gani, naye anajua. Sasa mwache atumie huo muda vibaya. Una vijiji vyenye vibao vya 50, trafiki chini ya mti na tochi yake, na matuta. Kila mtu anashuka mwendo: anayekimbia na anayekimbiza. Hebu fikiria gari na lori vikipita kijijini kwa kilomita 50 kwa saa, vimefuatana kwa heshima zote, watoto wa shule wanavuka kwenye pundamilia, lori limesimama kuwapisha, indiketa safi, na kijana ametoa jasho mpaka shati limelowa. Kijiji kikiisha kuna kile kibao cha kuondoa hamsini. Kibao hicho kwenye filamu yako ni bunduki.

Trafiki nao wanakupa jibu la swali ambalo hukuniuliza lakini watazamaji watakuuliza: kwa nini asipige simu? Mann alikuwa na shida ya mwaka 1971, kwamba simu iko kwenye kibanda barabarani. Anapojaribu kuita polisi, lori linakuja kukisaga kibanda chote. Kijana wako ana simu mfukoni. Usiniletee "mtandao umekata", kila filamu sasa inakata mtandao. Mwache apige. Mwache hata asimame kwa trafiki. Atasema nini? Afande, lori linanifuata. Afande anageuka, anaona lori linapita taratibu, mwendo 48, mkono wa dereva unampungia. Barabara ni ya wote, kijana, nenda salama. Halafu hebu nione leseni yako. Hapo umepata kile Duel ilichokipata kwenye hoteli ya chakula njiani, Mann alipoingia na kutazama buti za kila mteja, nao wengi wamevaa buti, mpaka akamvaa mtu asiyehusika na kuambulia kipigo. Buti zilezile zilizotuthibitishia kwamba dereva ni binadamu zimegeuka na kumfanya Mann aonekane kichaa. Mtu anayetishwa kwa namna isiyothibitika ni mpweke hata akiwa katikati ya watu.

Sini hiyo ya hotelini ina kasoro moja nitakayokuonya nayo. Tunasikia mawazo ya Mann kwa sauti, anajieleza, anajishauri, anajiuliza kama amwendee yule mtu au anyamaze. Weaver uso wake ulikuwa unatosha. Sauti inarudia kile ambacho tayari tunakiona. Wewe una kijana peke yake garini kwa dakika 20 na najua utashawishika kumfanya aongee peke yake, au ampigie dada yake simu kila mara. Ndiyo maana nakutakia mbuzi. Sauti ya injini yenye uchovu, mbuzi anayelia kwenye buti, redio inayopoteza stesheni, honi ya nyuma. Filamu hii, kwa utani, ingewatia njaa wale wasimulizi wa mabanda ya video waliotukuza sisi wengine: sehemu kubwa hakuna mazungumzo ya kutafsiri.

Lori lenyewe wamelipa sura badala ya dereva. Ni Peterbilt 281 ya mwaka 1955, pua ndefu, taa mbili za mviringo, kioo cha mbele kilichogawanyika katikati, kutu na mafuta kila mahali. Spielberg alilichagua kati ya malori kadhaa kwa sababu mbele yake panafanana na uso. Kwenye bampa kuna namba za usajili za majimbo mbalimbali, kama kumbukumbu za waliotangulia. Hazitajwi na yeyote. Ukiziona umeziona. Kwa upande wako usitafute lori bovu sana, huku kwetu bovu halina maana maalumu. Tafuta lenye maandishi. Malori yetu yanaongea kwa misemo iliyoandikwa mbele na nyuma. Chagua msemo wa upole, wa dini hata, na usiukaribie kwa kamera zaidi ya mara moja.

Mfano wa kinyume upo, ili usidhani nasema sababu haifai kamwe. Filamu ya Breakdown ya 1997 ina mume ambaye gari lake linakufa jangwani, mkewe anapanda lori kwenda kutafuta msaada na hapatikani tena. Dereva wa lori anakana hata kuwahi kumwona. Humo sababu ipo, ni genge linalotaka fedha, na filamu inakwenda vizuri kabisa. Lakini angalia, mara tu sababu inapojulikana filamu inabadilika inakuwa ya mtu anayefuatilia na kukomboa, na inahitaji watu wengi, nyumba, bunduki, mpango. Wewe una dakika 20, gari moja na lori moja. Sababu ungekuwa huna pa kuiweka.

Hata Duel ilipopanuliwa kufika dakika 90 ili ionyeshwe kwenye kumbi za sinema Ulaya, nyongeza zinatufundisha. Basi la shule lililokwama, ambalo Mann anajaribu kulisukuma bila mafanikio na lori linakuja kulisukuma kwa ukarimu, ni nyongeza ya dhahabu: lori linaweza kuwa jema kwa wengine wote. Reli ambapo lori linamsukuma kuelekea treni inayopita, nayo safi. Ila wakaongeza pia simu anayompigia mkewe, na humo tunaambiwa kwamba usiku uliopita alishindwa kumtetea mkewe kwenye sherehe. Sini hiyo mimi siipendi. Inataka kuniambia kwamba lori limekuja kumfundisha huyu bwana uanaume, na nikishaamini hivyo lori linapungua, linakuwa mwalimu. Toleo la awali halikuwa nayo na halikupungukiwa kitu. Kwako nimeona mstari mmoja kijana akijiambia kwamba anastahili haya kwa sababu alimtukana baba yake. Futa.

Mwisho wa lori, linapoanguka gengeni, ulikuwa ugomvi pia. Tangi limeandikwa nyuma kwa herufi kubwa kwamba kilichomo kinashika moto, na televisheni ilitaka mlipuko. Spielberg hakutaka. Lori lilikuwa moja tu, kwa hiyo kuanguka kulipigwa mara moja, na kinachoonekana ni chuma kinachoporomoka genge polepole huku sauti kama ya mnyama mkubwa anayekufa ikisikika. Sauti hiyo aliitumia tena kwenye Jaws mwaka 1975, papa anapozama. Hakuna anayetoka mle ndani. Mann anarukaruka kwa furaha, kisha anakaa kwenye ukingo na kurusha vijiwe. Dereva kafa, na swali letu kaondoka nalo.

Rasimu yako inamaliza kwa mlango wa lori kufunguliwa na uso kuonekana, kisha giza. Najua rafiki yako ndiye aliyeipenda hiyo. Ukifungua ule mlango, uso wowote utakaouweka utakuwa wa mwigizaji fulani tunayemjua. Usifungue. Kama lori lako haliwezi kuanguka, na haliwezi maana huna fedha ya kuliangusha, liache lipite. Juu ya Kitonga gari la kijana limekufa pembeni, boneti juu, mvuke. Lori linapanda, linapumua, linafika usawa wake, linawasha indiketa ya kulia kana kwamba linamkinga na magari ya mbele, linampita bila kumgusa na kuendelea na safari yake ya Zambia. Nyuma yake kuna gari dogo jingine, rangi tofauti, linasubiri kuovateki.

Kuhusu kupiga picha zenyewe: usifanye Kitonga kwenye barabara iliyo wazi, hata alfajiri, hata kama mna marafiki wawili wa kusimamisha magari kwa kitambaa chekundu. Ule mteremko unaua watu bila filamu. Chukua kibali cha Bodi ya Filamu, zungumza na TANROADS na polisi wa usalama barabarani mapema, na kama watakupa kipande cha barabara ya pembeni badala ya mlima wenyewe, kipokee. Tafuta kipande chenye ukuta wa mwamba au miti iliyosongamana karibu na lami. Gari likipita hapo kwa kilomita 40 kwa saa linaonekana linaruka, hasa kamera ikiwa chini. Uwanda wa wazi hufanya hata 100 ionekane matembezi. Dereva wa lori atakayekubali kazi hii awe mzoefu kuliko mtu yeyote kwenye kundi lako. Spielberg alimpa usukani Carey Loftin, mmoja wa madereva mahiri wa sini za hatari Hollywood wakati ule. Picha za mlima wenyewe, za jumla, zipigwe bila kijana wako kuwa barabarani. Na mbuzi mfungeni vizuri.